Kupima na Kuripoti Ubora wa Huduma katika Mifuko ya Bima ya Afya: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Mfuko wa Afya ya Jamii Ulioboreshwa na Mazingira ya Halmashauri ya Madaba, Songea

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna mifuko ya bima ya afya inavyopima ubora wa huduma wanazopata wanachama wake na namna inavyoripoti matokeo ya vipimo hivyo. Mfano unaozingatiwa ni Mfuko wa Afya ya Jamii Ulioboreshwa nchini Tanzania, na mazingira yanayotumika kuujaribu ufafanuzi huo ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Madaba, mkoani Ruvuma. Makala yanabainisha tofauti kati ya kupima kituo cha tiba na kupima mfuko wa bima, yanachambua vyanzo vitatu vya taarifa, na yanaonesha kwa hesabu kwa nini viashiria vilivyobuniwa kwa mifuko yenye wanachama wengi haviwezi kuhamishiwa katika zahanati ya kijiji bila marekebisho. Hoja kuu ni kwamba, pindi bima inapogeuka kutoka hiari kuwa sharti la kisheria, mwanachama hupoteza uwezo wa kuonesha kutoridhika kwake kwa kujitoa. Hivyo ripoti ya ubora inayomfikia mwanachama mwenyewe huwa sehemu ya haki yake.

1.0 Utangulizi

Halmashauri ya Wilaya ya Madaba ilianzishwa mwaka 2015 baada ya kugawanywa kwa Halmashauri ya Wilaya ya Songea. Eneo lake liko takriban katikati ya barabara kuu iendayo Songea kutoka Njombe, na wakazi wake wengi ni wakulima, zao kubwa likiwa mahindi. Kaya ya mkulima hupata fedha taslimu kwa msimu, baada ya mavuno, lakini ugonjwa hauna msimu. Hapo ndipo penye mantiki ya bima: kulipa wakati fedha ipo ili kutibiwa wakati fedha haipo.

Katika utaratibu wa Mfuko wa Afya ya Jamii Ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2018, kaya isiyozidi watu sita nje ya Dar es Salaam ilipangiwa kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa mtumishi wa mjini kiasi hicho chaweza kuonekana kidogo. Kwa kaya ya Wino, Mkongotema au Ifinga, ni fedha ambayo ingenunua mbegu au kulipia mahitaji ya shule. Mkuu wa kaya anapoamua kulipa, na hasa anapoamua kulipa tena mwaka unaofuata, anajiuliza swali moja: je, huduma niliyoinunua mwaka jana ilikuwa nzuri?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Linaonekana jepesi, lakini kulijibu kwa takwimu kunahitaji kwanza kukubaliana kinachopimwa ni nini, nani anahesabiwa, na nani anapaswa kusoma matokeo.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Ubora wa huduma

Mwaka 1966 Avedis Donabedian alipendekeza kwamba ubora wa tiba utazamwe katika ngazi tatu: miundo, mchakato na matokeo. Miundo ni vile vitu vinavyotangulia huduma: jengo, maji, umeme, watumishi, vifaa na dawa. Mchakato ni yale anayotendewa mgonjwa: je, mjamzito alipimwa wingi wa damu, na je, mtoto mwenye homa alipimwa malaria kabla ya kupewa dawa? Matokeo ni hali ya mgonjwa baadaye: amepona, amebaki na ulemavu, au amefariki.

Ngazi hizi zinahusiana, lakini moja haithibitishi nyingine. Zahanati yaweza kuwa na kipimo cha shinikizo la damu ambacho hakitumiki. Kipimo chaweza kutumika bila mgonjwa kupewa dawa. Na dawa yaweza kutolewa mwezi mmoja kisha ikakosekana miezi mitatu. Anayepima miundo pekee ataipa zahanati hiyo alama nzuri ilhali mgonjwa hajapata nafuu.

2.2 Kiashiria, kiasi na asili

Kiashiria cha ubora kwa kawaida ni sehemu yenye namba mbili: kiasi, yaani waliopata huduma stahiki, na asili, yaani wote waliostahili kuipata. Wasomaji wengi wa ripoti huangalia kiasi. Mtafiti huanza na asili, kwa kuwa makosa mengi hujificha humo. Kituo kinachosema kwamba kimewapima wajawazito 80 hakijasema lolote kuhusu ubora mpaka kieleze kama waliostahili walikuwa 85 au 200.

2.3 Kupima kituo na kupima mfuko

Kupima kituo ni kuuliza: katika jengo hili, huduma zikoje? Kupima mfuko ni kuuliza: watu waliochangia mfuko huu, popote walipotibiwa, wamepata walichostahili? Maswali haya mawili huchanganywa mara nyingi. Mwanachama wa Madaba aweza kuanzia zahanati ya kijijini, akapelekwa kituo cha afya, kisha akapewa rufaa kwenda Songea. Kila kituo chaweza kupata alama nzuri kwa sehemu yake, na mgonjwa akapotea katikati kwa sababu hakuna aliyefuatilia iwapo rufaa ilifika. Mfuko pekee ndio unaogharimia safari yote ya tiba. Kwa hiyo ndio unaoweza kuulizwa kuhusu safari nzima.

3.0 Mikondo Miwili ya Upimaji

3.1 Mkondo wa mifuko: Marekani

Nchini Marekani, upimaji wa mifuko ya bima ulikua mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa msukumo wa waajiri waliotaka kujua wanacholipia. Kamati ya Taifa ya Uhakiki wa Ubora, iliyoanzishwa mwaka 1990 na kujulikana kwa kifupi NCQA, inasimamia seti ya viashiria iitwayo HEDIS. Kila kiashiria kina kanuni zinazoeleza nani anaingia katika asili, nani anaondolewa, na ushahidi upi unakubalika katika kiasi. Kwa mfano, kiashiria cha udhibiti wa shinikizo la damu huhesabu wanachama wenye ugonjwa huo ambao kipimo chao kiko chini ya 140/90. Pale ambapo majalada ya wagonjwa yanahitaji kusomwa, mfuko huchukua sampuli ambayo kwa kawaida ni ya wanachama 411. Matokeo hukaguliwa na wakaguzi wa nje kabla ya kutangazwa.

Kanuni moja ya HEDIS inastahili kuzingatiwa hapa: uanachama endelevu. Kwa viashiria vingi, mtu haingizwi katika asili mpaka awe mwanachama kwa kipindi chote kinachopimwa, akiruhusiwa pengo moja lisilozidi siku 45. Sababu yake ni haki: mfuko hauwezi kulaumiwa kwa mgonjwa aliyejiunga wiki iliyopita. Serikali ya Marekani nayo huipa mifuko ya Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi nyota 1 hadi 5, na tangu mwaka 2012 nyota hizo zimeambatana na malipo ya nyongeza.

3.2 Mkondo wa vituo: Tanzania

Tanzania ilianza upande wa pili. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga katikati ya miaka ya 1990 na ukawekewa sheria mwaka 2001. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii, Serikali iliahidi kuongeza kiasi kilekile kilichochangwa na wananchi, utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Kilichohesabiwa zaidi katika miaka hiyo kilikuwa idadi ya kaya zilizojiunga na fedha zilizokusanywa.

Upimaji mpana wa ubora ulikuja na tathmini ya nyota kwa vituo vya ngazi ya msingi, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Katika mwaka 2015/16 zaidi ya vituo 6,900 vilitathminiwa katika maeneo 12, yakiwemo uhalali wa kituo, uongozi, matumizi ya takwimu, dharura na rufaa, uwajibikaji kwa jamii, majengo, kinga dhidi ya maambukizi na huduma za tiba. Takriban theluthi moja ya vituo havikupata nyota hata moja, na takriban asilimia 2 tu vilifikia nyota tatu au zaidi. Tathmini ya 2017/18 ilionesha kwamba vituo vya nyota tatu na zaidi vimefikia takriban asilimia 20, ilhali lengo lilikuwa asilimia 80.

Mafanikio hayo ni makubwa na hayapaswi kubezwa. Hata hivyo, nyota ni ya kituo. Haisemi kama mwanachama wa mfuko alipata dawa aliyoandikiwa, wala kama aliombwa fedha ambayo kadi yake ilikwisha kuilipia.

4.0 Vyanzo Vitatu vya Taarifa

4.1 Rejesta za kituo

Chanzo cha kwanza ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA). Muuguzi hujaza rejesta kwa mkono, hujumlisha mwishoni mwa mwezi, na majumuisho huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2. Nguvu ya MTUHA ni kuenea kwake: zahanati ya mbali nayo inaripoti. Udhaifu wake, kwa lengo letu, ni kwamba majumuisho huhesabu mahudhurio na matukio. Mgonjwa mmoja wa shinikizo la damu aliyekuja mara sita na wagonjwa sita waliokuja mara moja moja huweza kuonekana sawa katika jumla. Aidha, majumuisho hayamtenganishi mwanachama wa mfuko na asiye mwanachama. Hivyo asili ya mfuko haipatikani humo.

4.2 Madai ya malipo

Chanzo cha pili ni madai ambayo kituo huwasilisha kwa mfuko. Dai lina namba ya mwanachama, tarehe, ugonjwa na huduma iliyodaiwa. Kwa hiyo linamfuata mtu kutoka kituo hadi kituo. Hapa mfuko una faida ambayo MTUHA haina. Lakini dai huandikwa na anayetaka kulipwa. Linathibitisha kwamba huduma imedaiwa, na halithibitishi kwamba imetolewa. Vilevile, dai halibebi matokeo: laweza kuonesha kwamba shinikizo la damu lilipimwa, lisioneshe lilisoma ngapi.

4.3 Sauti ya mwanachama

Chanzo cha tatu kina historia ya kujivunia. Mfumo wa kompyuta uliotengenezwa kwa ajili ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ukianzia Dodoma chini ya mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Uswisi, ndio uliokuja kuzaa programu huria ya openIMIS inayotumika leo katika nchi kadhaa, ikiwemo Nepal. Kwa muundo wake, mfumo huo huweza kuchagua baadhi ya madai kwa ajili ya kupata maoni ya mwanachama. Ujumbe hutumwa kwa afisa mwandikishaji wa kijiji, naye humfuata mwanachama na kumuuliza mambo matano: je, huduma ilitolewa, je, uliombwa malipo, je, uliandikiwa dawa, je, dawa uliipata, na kwa jumla unaipa huduma hiyo alama gani, kuanzia 0 hadi 5.

Maswali hayo ni mafupi, lakini yamechaguliwa vizuri. Mawili ya kwanza yanalihakiki dai lenyewe. Mawili yanayofuata, yakisomwa pamoja, yanazaa kiashiria kamili: asili ni walioandikiwa dawa, kiasi ni walioipata. Kwa mwanachama wa kijijini, kiashiria hicho huenda ndicho kinachobeba maana kubwa kuliko vyote, kwa sababu kukosa dawa humrudisha dukani kulipa fedha ambayo bima ilikusudiwa kuiokoa.

Chanzo hiki nacho kina kasoro yake. Afisa mwandikishaji ni mwanakijiji mwenzake mwanachama, na posho yake hutegemea uandikishaji. Mwanachama aweza kumwonea haya, na afisa aweza kupendelea majibu yasiyokatisha tamaa. Kwa hiyo anayekusanya maoni asiwe yule anayefaidika na uandikishaji, au walau sehemu ya majibu ihakikiwe upya na mtu mwingine.

5.0 Tatizo la Namba Ndogo

Tuseme, kwa mfano wa kudhania, kwamba zahanati moja ya Madaba ina wanachama 12 wenye shinikizo la damu, na 9 kati yao wamedhibitiwa. Kiashiria ni asilimia 75. Mwaka unaofuata wamedhibitiwa 7, na kiashiria kimeshuka hadi asilimia 58. Ripoti itasema ubora umeporomoka kwa karibu pointi 17, na mganga mfawidhi ataitwa kujieleza. Kilichotokea ni kwamba watu wawili walikuwa na kipimo cha juu siku walipopimwa.

Takwimu hutuwezesha kuonesha ukubwa wa mashaka haya. Kwa watu 9 kati ya 12, muachano wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia karibu asilimia 47 hadi karibu asilimia 91. Kwa sampuli ya 411 yenye asilimia ileile 75, muachano ni wa karibu asilimia 71 hadi 79. Kipimo kimoja, maana mbili tofauti kabisa. Kanuni iliyobuniwa kwa mfuko wenye mamia ya maelfu ya wanachama, ikihamishiwa zahanati ya kijiji bila marekebisho, itaadhibu na kutuza bahati nasibu.

Marekebisho matatu yanawezekana. La kwanza ni kuunganisha: kukokotoa kiashiria kwa halmashauri nzima na kwa miaka miwili mfululizo. Iwapo kwa njia hiyo watapatikana wagonjwa 200 na 150 wamedhibitiwa, muachano hupungua hadi karibu asilimia 69 hadi 81. La pili ni kutumia, katika ngazi ya zahanati, viashiria vyenye matukio mengi, kama vile kupata dawa iliyoandikwa, badala ya matukio adimu kama vifo vya uzazi. Kifo kimoja cha mama ni msiba unaostahili uchunguzi kamili, lakini si asilimia. La tatu ni kulegeza kanuni ya uanachama endelevu. Kaya inayosubiri mavuno ili ihuishe kadi yaweza kuwa na pengo la miezi kadhaa. Ikiwa kila mwenye pengo ataondolewa katika asili, watakaobaki ni wale wenye kipato tulivu, na mfuko utaonekana bora kwa kuwasahau maskini. Inafaa kuripoti makundi yote mawili bega kwa bega.

Ni vyema pia kukihesabu kitendo cha kutohuisha chenyewe. Kaya iliyolipa mwaka jana na kuacha mwaka huu imetoa tathmini. Ikihojiwa sababu, na jibu likawa ukosefu wa dawa na si ukosefu wa fedha, mfuko umepata taarifa ya ubora ambayo rejesta yoyote isingeitoa.

6.0 Kuripoti: Kwa Nani na kwa Namna Gani

Mtiririko wa taarifa za afya unaelekea juu: kutoka zahanati kwenda halmashauri, mkoa, TAMISEMI na wizara. Mtiririko huo ni wa lazima kwa mipango, ila haumjibu mkuu wa kaya aliyetajwa mwanzoni. Ripoti ya ubora kwa mwanachama inahitaji sifa nyingine: viashiria vichache, lugha anayoielewa, ulinganisho na mwaka uliopita, na hatua itakayochukuliwa. Mahali pa kuisoma papo tayari, yaani mkutano mkuu wa kijiji na kamati ya usimamizi ya kituo. Historia ya eneo inatoa sababu ya kuliamini jambo hili. Matetereka, mojawapo ya vijiji vya Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma iliyovunjwa mwaka 1969, ni mfano wa wanakijiji waliozoea kujadili hesabu zao wenyewe.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kipimo kikifungamanishwa na fedha, watoa huduma huelekeza nguvu penye malipo. Mpango wa malipo kwa ufanisi uliojaribiwa mkoani Pwani kuanzia mwaka 2011 ulitathminiwa kwa kulinganishwa na wilaya jirani: kujifungulia kituoni kuliongezeka kwa pointi 8.2, na wajawazito waliopata dozi mbili za kinga ya malaria kwa pointi 10.3, lakini huduma nyingine zilizolengwa hazikuonesha badiliko la namna hiyo. Fundisho lake si kwamba malipo hayafai. Ni kwamba kiashiria kinachoweza kutimizwa ndani ya kituo husogea upesi kuliko kinachotegemea mgonjwa kurudi mara kwa mara, na ripoti yenye viashiria vya aina moja tu itaficha tofauti hiyo.

7.0 Hitimisho

Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu kuondoka, kupaza sauti na uaminifu, alieleza kwamba mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili kuu: kuihama au kuisema. Katika miaka yote ya uchangiaji wa hiari, mkulima wa Madaba alikuwa na njia ya kwanza. Hakuhitaji takwimu, aliiacha kadi iishe muda wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inamtaka kila mkazi awe na bima. Lengo lake ni jema, kwani bima isiyojumuisha wenye afya haiwezi kuwahudumia wagonjwa. Lakini sheria hiyo inapoufunga mlango wa kuondoka, sauti ndiyo inayobaki.

Sauti bila taarifa huishia kuwa manung'uniko. Mwananchi anayesimama mkutanoni na kusema kwamba dawa hazipo hujibiwa kwamba hilo ni jambo la siku moja. Mwananchi mwenye ripoti inayoonesha kwamba kati ya wanachama walioandikiwa dawa katika halmashauri yake, idadi fulani hawakuipata, mwaka huu na mwaka uliotangulia, hajibiwi hivyo. Maswali matano yanayohitajika yamekwisha kutungwa, na yalitungwa hapa nchini. Kinachopendekezwa na makala haya ni kwamba majibu yake yakokotolewe kwa halmashauri, yaunganishwe kwa miaka miwili, yaambatane na muachano wa uhakika, na yasomwe kijijini kabla ya msimu wa kuhuisha kadi. Hapo mkuu wa kaya ataweza kulijibu swali lake kwa ushahidi, na mfuko utaweza kujibu kwa nini ulipokea shilingi 30,000 zake.